Pua ya Mwonjaji

Miaka thelathini na mmoja pua hii ilinilisha.
Kiwandani, ng'ambo ya reli, vikombe vimepangwa mezani,
navuta funda, nausikiliza ulimi, natema,
nasema: hii ya Kibosho, mvua iliiwahi chanjani;
hii ililala chumba kimoja na vitunguu.
Wanunuzi waliandika. Hawakubisha.

Leo nimepiga magoti sebuleni kwangu, hapa Rau,
nanusa mto wa kochi.

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala.
Hawakusema mke akienda Dodoma kulea mjukuu
paka hufanya nini.

Mtori (tulimwita hivyo kwa rangi, si kwa upole)
alianza na zulia la mlangoni. Nikasema bahati mbaya.
Akahamia kapu la nguo. Nikasema jeuri.
Alipofika kwenye joho langu la kwaya
nilimfukuza kwa kandambili hadi chini ya kabati,
na kutoka humo gizani akanitazama
kama karani anayengoja uandike jina lako vizuri.

Mama Kileo wa jirani akasema ni pepo.
Fundi kochi akasema mhasi. Alishahasiwa, nikamjibu.
Mwanangu kwa simu: "Baba, kamwache sokoni Kiboriloni, atajitafutia."
Anandumi, mtoto akilia nyuma ya sauti yake,
aliuliza moja tu:
"Beseni umeliweka wapi?"
Nikasema mtandao unakatika.

Daktari Shose amezoea ng'ombe. Alikuja na viatu vya mpira,
tope la zizi la mtu wa Uru bado kisiginoni.
Hakumshika paka kwanza. Alinishika mimi, kwa maswali:
anakojoa sana au kidogokidogo? Analia? Kuna damu?
"Dume akichuchumaa bila kutoa tone
usingoje kesho. Niite usiku huohuo."
Akampapasa tumbo taratibu
kama anayetafuta parachichi la kula leo.
"Kibofu hakina neno. Nionyeshe choo chake."

Nikampeleka uani, nyuma ya pampu ya maji.
Nililihamishia huko siku ya pili baada ya basi kuondoka,
maana mtu hali chakula karibu na vitu vile.
Ndani nilijaza pumba za mpunga za Mabogini, za bure.
Kila asubuhi nililisugua kwa dawa ya kunukia msonobari,
nikijisifu.

Akachota pumba, akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole, akabana.
"Sasa tembea juu ya hizi, peku."
Kisha akaniambia ninuse. Mimi!
Nikainama,
na pua iliyotambua kitunguu ndani ya gunia
ikazabwa kofi na msonobari hadi machozi.
Pampu ikajiwasha, ikanguruma.
Niliruka. Mtori, dirishani, hakushtuka:
yeye alishayajua hayo.

Jioni nikanunua mchanga laini kwa mwenye toroli
nikauchekecha kwa chekeche la unga la Anandumi.
Beseni likarudi pembe ya korido, alipoliweka yeye.
Sabuni ya mche, maji, basi.
La pili nikaliweka karibu na chumba cha wageni,
na kila alfajiri nachota kwa mwiko mkongwe
kile alichokifukia.
Joho nililoweka kwenye siki. Mchungaji ananusa, hasemi.

Siku tatu, hakuna. Alipita, akanusa, akaenda zake,
mnunuzi asiyeharakishwa na bei.
Usiku wa nne, umeme umekatika, nikasikia
kwaru, kwaru.
Kimya.
Kwaru moja ya mwisho, ya kufunika.
Nilikaa kitandani nimeshika pumzi
kama siku ile mwonjaji mkuu
aliponyamaza juu ya kikombe changu cha kwanza.

Ijumaa bado alikojolea kiatu. Kimoja, cha kushoto.
Nimekiosha, sijamwambia mtu.
Anandumi anarudi mwezi ujao.
Nimeshanunua chekeche jipya;
nalipaka unga kila siku, lionekane la zamani.